Sura ya Sita: Wazee wa Argos Wamekaa Kikao

Filamu inaanzia kwenye kioo cha duka, katika mji mmoja wa Afrika. Ndani ya kioo anaonekana mwanamume mwembamba, Mwitaliano, ameshika kamera, na sauti yake inatueleza kwamba hakuja kupiga filamu ya hadithi wala filamu ya habari. Amekuja kupiga maandalizi tu, picha za kumsaidia kuifikiria filamu anayotaka kuitengeneza baadaye. Anatafuta mtu wa kuwa Agamemnon. Anatafuta Clytemnestra, Orestes, Electra. Anawatafuta Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika.

Mtu huyo ni Pier Paolo Pasolini: mshairi, mwandishi wa riwaya, mwongozaji wa sinema, mkomunisti ambaye chama chake kilimfukuza mwaka 1949 naye asiache ukomunisti. Kati ya mwisho wa 1968 na mwanzo wa 1969 alizunguka Tanzania na Uganda akiwa na kamera. Kilichopatikana ni Appunti per un'Orestiade africana, filamu ya 1970, nyeusi na nyeupe, ya saa moja na dakika chache. Ile filamu kubwa iliyokuwa ikiandaliwa haikutengenezwa. Pasolini aliuawa Ostia, nje kidogo ya Roma, Novemba 1975. Kati ya filamu zote ninazozitaja katika kitabu hiki, hii ndiyo iliyoshindwa kwa faida kubwa zaidi. Kushindwa kwake kunafundisha jambo ambalo filamu nyingi zilizofanikiwa zimelificha.

Hakuwa mgeni wa maandishi yale. Mwaka 1960 alikuwa amezifasiri kwa Kiitaliano tamthilia tatu za Orestia ili mwigizaji Vittorio Gassman azipeleke jukwaani katika uwanja wa kale wa Syracuse, Sicily. Aeschylus alizionyesha Athens mwaka 458 kabla ya Kristo, zote tatu kwa mkupuo. Katika ya kwanza, mfalme Agamemnon anarudi Argos kutoka vita vya Troy. Safari ya vita hivyo aliifungua kwa kumtoa kafara binti yake Iphigenia, ili apate upepo wa kusukuma merikebu zake. Mkewe, Clytemnestra, hajasahau. Anamtandikia vitambaa vyekundu avikanyage, anamkaribisha ndani kwa maneno ya asali, kisha anamuua bafuni. Katika ya pili, mwana wao Orestes anarudi kutoka uhamishoni na, kwa amri ya Apollo, anamuua mama yake. Katika ya tatu, mizimu ya kisasi inamwandama mpaka Athens. Huko mungu Athena anaunda mahakama ya kusikiliza kesi ya mauaji. Kura zinafungana, mshtakiwa anaachiwa. Mizimu haifukuzwi. Inabembelezwa, inapewa makao chini ya ardhi ya mji pamoja na heshima zake, na kuanzia hapo inakuwa mlinzi wa wale iliotaka kuwaangamiza.

Katika kisa hiki Pasolini aliiona Afrika ya miaka ya uhuru. Orestes, kwa maoni yake, ni kijana anayetoka katika ulimwengu wa damu na mizimu kuingia katika ulimwengu wa kura na sheria, na swali ni kama ataiua mizimu yake au atajifunza kuishi nayo. Vita vya Troy alivipata katika picha za Biafra, ambako Wanigeria walikuwa bado wanauana. Mizimu yenyewe aliitafutia sura akaishia kwenye miti, miti mikubwa inayotikiswa na upepo. Hekalu la Apollo likawa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Mlimani. Mizimu iliyokwisha kutulizwa akaiona katika ngoma ya Wagogo, ambayo yeye aliifasiri kuwa ibada ya zamani inayochezwa sasa kwa furaha tu. Wagogo watakaoisoma sentensi hiyo nadhani watakuwa na la kusema.

Tuwaache wacheze kwanza, tuangalie shida inayomkabili kila mwongozaji anayeichukua tanzia ya jukwaani na kuipeleka kwenye kamera.

Jukwaa la Wagiriki lilikuwa na desturi mbili zinazoisumbua sinema. Ya kwanza ni kwamba mauti hayatokei mbele ya watazamaji. Mtu anaingia ndani, kilio kinasikika, au mjumbe anakuja mbio kusimulia yaliyotokea. Sinema ina pupa ya kuonyesha, kwa hiyo desturi hii huondolewa bila mjadala, na kisu kinaonekana, na damu inaonekana, na mara nyingi kitisho kinapungua. Ya pili ni wale watu wa kundi, waitikiaji, wanaosimama uwanjani tangu mwanzo mpaka mwisho, wakiimba, wakiuliza, wakionya, wakilaumu. Hawa ndio wanaoumiza vichwa. Mwongozaji wa leo akisoma tamthilia anaona kundi la wazee wasio na majina, wenye mistari mingi kuliko mfalme, wasioua mtu wala kuolewa na mtu. Anawakata. Ni sawa na msimulizi wa ngano aliyeamua kusema "Paukwa" na kujijibu mwenyewe "Pakawa".

Katika Agamemnon pana mahali ninapopapenda kuliko pote. Mfalme yuko ndani. Anapiga kelele kwamba amechomwa, anapiga tena. Nje wamesimama wazee kumi na wawili wa Argos, watu wenye busara, ambao kwa mamia ya mistari wamekuwa wakinong'ona kwamba kuna baya linakuja. Sasa limekuja. Wanafanya nini? Wanakaa kikao. Mmoja anapendekeza raia waitwe. Mwingine anasema tuvunje mlango sasa hivi, damu ingali mbichi. Mwingine anaona dalili za watu wanaotaka kutawala kwa mabavu. Mwingine anakumbusha kwamba kilio peke yake si ushahidi wa kifo. Kila mmoja anapata mistari yake miwili, na wanapokaribia kukubaliana kwamba habari zaidi zinahitajika, mlango unafunguka. Clytemnestra amesimama juu ya maiti mbili, ya mumewe na ya Cassandra, mateka aliyeletwa kutoka Troy, naye hana haja ya kuficha kitu.

Anayewakata wazee hawa anabaki na kisa cha mke aliyemuua mume. Visa hivyo vimejaa magazetini. Tanzia imo katika ule muda ambao watu kumi na wawili walisikia, wakajua, wakajadili.

Baadhi ya waongozaji walilielewa hili. Michael Cacoyannis alipotengeneza Electra mwaka 1962 aliwatoa waitikiaji jukwaani akawaweka mashambani. Ni wanawake wa kijiji cha Ugiriki waliovaa nguo nyeusi, wanaokusanyika na kutawanyika kumzunguka Irene Papas, na mistari ya kuimba pamoja wanagawana kama majirani wanaopokezana habari. Miili yao inafanya kazi kuliko midomo. Wakigeuka wote mara moja, mtazamaji anaogopa kabla hajajua anaogopa nini. Akira Kurosawa, katika filamu yake ya 1957 iliyotokana na Macbeth, alifungua na kufunga kwa sauti za wanaume wakighani juu ya magofu ya ngome, ingawa Shakespeare hakuwa ameweka kundi lolote la namna hiyo. Hakulipata Ugiriki. Alilipata nyumbani, katika mchezo wa kale wa Kijapani uitwao Noh.

Afrika Mashariki nako kundi lilipata mlango wake wa nyuma. Katika vibanda umiza vya Dar es Salaam, wasimulizi kama Lufufu walikuwa wakichukua filamu ya Marekani au ya Hong Kong na kuifunika kwa Kiswahili chao: wanatafsiri kidogo, wanaeleza, wanamkemea mhusika, wanawaonya watazamaji juu ya mtu mbaya kabla hajaonyesha ubaya wake. Wenye elimu ya sinema walilalamika kwamba wanaharibu kazi za watu. Ninavyoona mimi, walikuwa wanairudishia sinema kiungo ilichokikata.

Pasolini alilijua jambo hili kuliko wengi. Anasema waziwazi ndani ya filamu yake kwamba mhusika mkuu wa Orestia yake atakuwa umma, watu wa kawaida wakiwa kazini na sokoni, na kwamba hao ndio watakaobeba kazi ya waitikiaji. Kisha anawapiga picha, tena vizuri mno. Jicho lake linapenda nyuso. Mzee mmoja anaitazama kamera kwa utulivu wa mtu ambaye hana deni la mtu, na Pasolini anatuambia kwamba huyu angeweza kuwa Agamemnon. Kijana anapita, labda Orestes. Wanawake wanapita.

Hakuna anayesema kitu.

Ukiitazama mara ya kwanza huenda usitambue, maana Pasolini anazungumza muda wote na sauti yake ni nzuri. Mara ya pili ukimya unaanza kukera. Wazee wa Argos wamepatikana, wamesimama mahali pao, wamepigwa picha kutoka pande zote, na mistari yao yote anaisema mgeni kwa Kiitaliano.

Kuna dakika moja inayofichua mambo. Pasolini anamtafuta Electra, binti aliyeishi kwa chuki miaka yote akimsubiri kaka yake aje kulipiza kisasi. Analalamika kwamba ni vigumu kumpata, kwa kuwa wasichana wa Kiafrika, kama anavyowaona, wanajua kucheka tu. Nao kweli wanacheka. Lakini msichana aliyesimamishwa barabarani na wanaume wa kigeni wenye mashine, asiyejua wanataka nini, afanye nini? Kicheko hicho ni adabu, ni haya, na ni ngao pia. Hasira ya Electra haitolewi barabarani kwa mpita njia. Ingehitaji mtu wa kukaa kitako, kusalimia mpaka salamu ziishe, kuuliza habari za nyumbani, na kusubiri. Pasolini alikuwa na haraka ya watu wa kamera. Nina hakika Electra alikuwa miongoni mwa wale waliocheka.

Hapo pia ndipo ninapompa haki yake. Aliporudi Roma aliwaonyesha picha hizo wanafunzi wa Kiafrika waliokuwa wakisoma katika chuo kikuu cha huko, akawauliza maoni yao, na majibu yao akayaweka ndani ya filamu ingawa yanaichana. Anawauliza kama kisa kifanyike mwaka 1960, wakati wa uhuru, au wakati wa sasa. Badala ya kuchagua, wanalihoji swali. Mmoja anamkumbusha kwamba Afrika ni bara, si nchi moja, na haiwezi kusemewa yote kwa pamoja. Mwingine hapendezwi na jinsi neno kabila linavyotumiwa. Wana adabu, wamevaa suti, wanazungumza taratibu, na kila jibu linaondoa tofali moja katika jengo la mwenyeji wao. Ndio waitikiaji pekee katika filamu nzima. Ilibidi watafutwe Ulaya.

Baada ya hapo anajaribu kitu kingine cha ghafla: Orestia iimbwe kwa jazi. Tunahamia studio ya Roma, Gato Barbieri wa Argentina anapuliza saksafoni, na Yvonne Murray na Archie Savage, Wamarekani weusi, wanaimba sehemu ya Cassandra. Wazo hili lilikuwa bora kuliko mengine yote, nalo linapita kwa dakika chache tu. Cassandra ni mateka aliyevushwa bahari, anayeona kifo chake mlangoni na haaminiwi na mtu. Mpe nafasi hiyo mtu ambaye mababu zake walivushwa bahari kwa minyororo, na maandishi ya miaka elfu mbili na mia nne hayahitaji tena maelezo.

Sasa turudi Mlimani. Katika filamu chuo kile ni majengo na vijana wanaopita, ishara ya akili ya kisasa, hekalu. Kwa kweli palikuwa pakichemka. Azimio la Arusha lilikuwa la juzi tu. Mwaka 1966 wanafunzi waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa na Mwalimu Nyerere akawarudisha makwao kwa mamia. Mwalimu huyohuyo alikuwa amefasiri tanzia ya Shakespeare kuhusu mauaji ya Kaizari, ikachapishwa mwaka 1963 naye akiwa rais. Toleo alilolisahihisha, Juliasi Kaizari, lilitoka 1969. Samuel Mushi alikuwa amekwisha kuitoa Makbeth mwaka 1968, na mwaka 1971 akaja na Mfalme Edipode kutoka kwa Sophocles. Tena 1969, mwaka uleule ambao Pasolini alifunga kamera yake, kilichapishwa Kinjeketile cha Ebrahim Hussein, aliyesoma pale Mlimani.

Yaani Mwitaliano alikuja kutafuta tanzia Tanzania akaipiga picha kwa nje, huku ndani yake inaandikwa. Na kama kuna tamthilia ya Kiswahili inayojua kazi ya kundi, ni Kinjeketile. Watu wa kusini wamechoshwa na mashamba ya pamba ya Wajerumani. Wanahitaji neno la kuwaunganisha. Mganga anawapa neno na maji. Kuanzia hapo neno si lake tena. Watu wanalishika, wanalitafsiri wanavyotaka, wanataka vita kabla ya wakati, na yule aliyelitoa anajikuta akikimbia nyuma yao. Mwishoni yuko gerezani, anatakiwa atamke kwamba maji yalikuwa uongo, naye anakataa, kwa sababu anajua neno hilo jipya nalo litasafiri. Mwongozaji atakayeitengenezea filamu ya kifahari, yenye milima ya Matumbi na bunduki za Wajerumani, atashawishika kumganda shujaa kwa kamera tangu mwanzo mpaka mwisho. Akifanya hivyo ameipoteza.

Wapo waliofaulu kumpa umati mdomo. Ndugu wawili, Paolo na Vittorio Taviani, walikuwa wazee wa zaidi ya miaka 80 filamu yao Cesare deve morire iliposhinda Dubu wa Dhahabu huko Berlin mwaka 2012. Waliingia katika gereza la Rebibbia, Roma, kuwapiga picha wafungwa wakifanya mazoezi ya Julius Caesar, kila mmoja kwa lahaja ya kwao, ya Napoli au ya Sicily. Wengi wao walikuwa wamefungwa kwa makosa ya magenge ya uhalifu. Antony anapohutubia juu ya maiti, uani, wananchi wa Roma ni wafungwa walioko madirishani, wakipiga kelele kupitia nondo. Kila neno kuhusu heshima, usaliti na kisu linatoka kwa watu wanaojua uzito wake. Umati ule hauna hatia ya kubuni.

Lakini aliyemjibu Pasolini, hata kama hakukusudia, ni Msenegali. Djibril Diop Mambéty alitoa Hyènes mwaka 1992. Aliichukua tamthilia ya Mswisi Friedrich Dürrenmatt ya 1956 ambayo mwenyewe aliiita tanzia ya kuchekesha, akaihamishia Colobane. Bibi kizee Ramatou anarudi katika mji aliofukuzwa akiwa msichana mjamzito. Sasa ni tajiri kupita kiasi. Atawapa watu wa Colobane mali isiyohesabika kwa sharti moja: wamuue Draman, mwenye duka anayependwa na wote, ambaye zamani alimkana na kununua mashahidi wa uongo. Mambéty alisema alitaka filamu ya bara zima, kwa hiyo tembo aliazima kwa Wamaasai wa Kenya, na fisi aliwatoa Uganda.

Mwanzoni mji unakataa kwa kishindo. Sisi ni watu wa utu, hatuuzi mtu. Kisha wateja wanaanza kuingia dukani kwa Draman na kukopa bidhaa za bei kubwa kuliko uwezo wao. Viatu vipya vinaonekana miguuni. Feni, majokofu. Draman anavitazama viatu, na anaelewa kwamba kila deni linasubiri kulipwa na kifo chake. Hakuna kikao kilichofanyika bado, ila uamuzi umeshapita, na umepitia madukani.

Hapa ndipo ukimya wa Kigoma unapopata maana yake. Kundi lisilosema halina kosa. Nyuso za Pasolini ni nzuri kwa sababu hazijaulizwa kitu. Hazikuwahi kusikia kilio cha mfalme, kwa hiyo hazina la kujibu. Huo ndio upendo wa mgeni. Mambéty aliwapenda watu wake kwa namna ngumu zaidi: aliwapa maneno, na maneno yakawatia hatiani. Meya anaongea, mwalimu anaongea, kasisi anaongea, kila mmoja kwa lugha ya kazi yake, kila mmoja akisogea hatua moja kuelekea mahali ambapo jana aliapa hafiki.

Tena mwongozaji mwenyewe yumo ndani. Mambéty anaigiza Gaana, hakimu wa zamani wa Colobane, ambaye sasa ni mtumishi wa Ramatou. Athena wa Aeschylus aliwaachia raia kura, kura zikafungana, na mji mzima ukaona jinsi haki ilivyo nyembamba. Pasolini aliamini mwaka 1969 kwamba mahakama ya namna hiyo ilikuwa inazaliwa mbele ya macho yake. Colobane, miaka 23 baadaye, wanaume wanakusanyika na kumzunguka Draman. Inatangazwa kwamba wanachofanya si kwa ajili ya fedha, ni kwa ajili ya haki. Hakuna kura hata moja ya kupinga.